Mgeni Ajapo, Tusifiche Mahindi na Samaki

Nina ugomvi na katoni ya biskuti. Biskuti yenyewe sina neno nayo. Mtoto akipewa na chai hunyamaza, na hiyo si faida ndogo. Ugomvi wangu ni na ile katoni inayopakiwa kwenye lori pale Lodwar, ikasukwasukwa njiani kutwa nzima hadi Lowarengak, kule juu katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia, ili wageni wa arusi au wa sherehe ya kijana aliyehitimu masomo wapate kitu cha "heshima" cha kutafuna kabla nyama haijaiva. Hufika nusu yake imekwisha kuwa unga. Na huku, ndugu msomaji, ndani ya nyumba iyo hiyo mna gunia la mahindi lililosukumwa nyuma ya pazia, na nje kamba imejaa samaki waliopasuliwa, wanakauka kwa jua na upepo. Vitu hivyo havitolewi. Mgeni akikaribia, huondolewa njiani asivione.

Sisemi haya kwa kujitia ubora wa mtu wa pwani. Mombasa nako siku hizi waweza kualikwa kwenye akdi ukaletewa sahani ya krispi za paketi, zilizokaangwa mwezi uliopita katika kiwanda usichokijua, na bibi wa nyumba ile, ambaye mikono yake yajua visheti, kaimati na mkate wa sinia, amekaa kando kama kwamba naye ni mgeni. Ugonjwa ni mmoja. Lakini Lowarengak ndiko nilikouona waziwazi, na ndiko nilikoona dawa yake ikijaribiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akitayarisha sherehe ya mdogo wake aliyemaliza chuo. Katika simu yake alikuwa na picha za vitafunio vya namna ya Kimarekani, vile vinavyoitwa Tex-Mex, maana yake upishi wa Texas uliochanganyika na wa Meksiko: vipande vya mkate wa mahindi vilivyokatwa pembe tatu, juu yake maharagwe yaliyopondwa, jibini iliyoyeyuka na pilipili ya kijani, na vijisambusa vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama, ambavyo havikukaangwa bali vimeokwa. Vyote hupangwa kwenye sinia vikiwa moto, wageni wakajidonolea wamesimama. Alivipenda, na mimi simlaumu. Chakula cha kudonoa huvunja ukimya wa watu wasiojuana. Akaniletea karatasi aliyoandika vitu vya kuagizwa.

"Mzee, wewe unajua maduka ya Nairobi," akaniambia. "Tusaidie tutumiwe hivi."

Karatasi ile ilikuwa na paketi za krispi za mahindi, jibini ya kilo mbili, chupa za rojo la nyanya na vijipakiti vya viungo vya Kimeksiko. Nilipopiga hesabu ya bei, na nauli ya mzigo hadi Lodwar, na ya lori kutoka hapo, nikaona mbuzi wawili wanatoweka mbele ya macho yangu. Na jibini ile, kwa joto la kule, ingefika ikiwa mchuzi. Nikamwambia, "Binti yangu, mimi sitaagiza hata paketi moja," na nikampa sababu zangu, ambazo nataka kuzitoa na hapa, kwa kuwa naamini zawahusu wengi wasiopata kufika Lowarengak.

Mahindi asili yake ni Meksiko. Wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba wakulima wa kusini mwa nchi hiyo ndio walioyatoa katika nyasi ya mwituni, yapata miaka 9,000 iliyopita. Jina letu la Kiswahili layasingizia Uhindi, lakini yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, na kabla ya hapo babu zetu walikuwa wakila mtama, wimbi na mchele. Pilipili tunazozila leo, nyanya ambazo sisi wa Mombasa twaziita tungule, na haya maharagwe ya nyumbani, yote ni mazao ya ardhi za Amerika yaliyopanda merikebu zizo hizo. Kwa hivyo karatasi ya binti yule, ukiisoma vizuri, ilikuwa ni orodha ya vitu ambavyo vimekwisha kufika Lowarengak zamani. Vilivyokuwa havijafika ni makaratasi yake ya rangi tu.

Na hicho kipande cha pembe tatu, kisa chake chafaa kusimuliwa ufuoni kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika mji wa Piedras Negras, ulio upande wa Meksiko wa mto unaotenga nchi hiyo na Texas, kundi la wanawake wa Kimarekani lilivuka kutoka mji wa Eagle Pass ng'ambo ya pili, likaingia mkahawani wakati mpishi hayupo. Msimamizi wa mahali pale aliitwa Ignacio Anaya, na katika nchi ile mtu wa jina la Ignacio hufupishiwa akaitwa Nacho. Hakuwaambia wageni wangoje chakula kiagizwe. Aliingia jikoni, akatwaa mikate ya mahindi iliyokuwamo, ikawa vipande vya pembe tatu, akaweka jibini na pilipili, akatia motoni mpaka jibini ikayeyuka, akawapelekea. Wakapenda, wakauliza chaitwaje, na chakula kikachukua jina lake. Leo nacho zaliwa katika viwanja vya michezo vya Marekani yote, na makampuni yamezitia katika paketi, na paketi hizo ndizo zilizotakiwa zisafirishwe nusu ya dunia zije Turkana. Lakini mwanzo wake ni mtu wa mji wa mpakani, aliyefikiwa na wageni ghafla akawapa kilichokuwamo nyumbani.

Lowarengak nao ni mji wa mpakani. Chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Ibrahim, aliyejiliwa na wageni asiowajua, akaenda kimya kimya kwa watu wake akarudi na ndama wa kuchoma. Na maalim wetu alikuwa akitia mkazo pale pa kwenda kwa watu wake, kwamba hakwenda sokoni.

Hata moto wao tunao. Watu wa Texas hujivunia kuchoma nyama kwa kuni za mti wa miiba uitwao meskiti (msomaji wa pwani asije akasikia msikiti), ambao moshi wake una harufu nzuri. Mti huo ni jamaa wa karibu wa mathenge wetu. Mathenge aliletwa Kenya kutoka nchi za Amerika. Alipandwa karibu na Mombasa mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 akasambazwa Baringo, Turkana na Tana River ili azuie jangwa. Aliyoyafanya baadaye yajulikana: amefunga njia na malisho, ametoboa nyayo za watu na magurudumu ya magari, na mbuzi waliozoea maganda yake matamu wameoza meno, hata watu wa Baringo wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe shahidi. Mimi simtetei mathenge. Nasema tu kwamba makaa yake ni magumu, hukaa na moto muda mrefu, na kila gunia la makaa ya mathenge ni mgunga uliosalimika shoka.

Binti alikubali upesi. Aliyepinga ni mama yake, na upinzani wake ndio ulionifanya nikae kuandika makala haya.

Mama huyo huuza samaki wakavu. Alisikiliza hoja zangu zote, na merikebu zangu, na Wareno wangu, kisha akauliza jambo moja tu: "Mzee, unataka wageni wa mtoto wangu wale chakula cha njaa?"

Swali hilo lataka kupewa haki yake. Kwa Mturkana mfugaji, mali ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na chakula cha heshima ni maziwa, damu na nyama. Wapo waliovua samaki kwa vikapu tangu zamani, lakini kuvua kulionekana ni kazi ya mtu aliyeishiwa na mifugo. Ukame mkubwa wa 1961 ulipofukarisha watu, serikali iliwafungulia masikini uvuvi wa nyavu katika ghuba ya Ferguson, ili wasife njaa. Ukaja ukame mwingine wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na pamoja nao kambi za chakula na mahindi ya kulipwa kwa kazi ya kuchimba na kujenga. Kutoka hapo kila kizazi kimeyajua mahindi kwa njia iyo hiyo: foleni, kadi mkononi, mkebe wa kupimia, na mtu anayeandika majina. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipopita na mifugo, foleni zilirudi. Kwa hivyo mama yule hakuwa na kiburi cha upuuzi. Samaki na mahindi vyote viwili viliingia nyumbani mwake vikiwa vimeshikana mikono na msiba, na mtu hakaribishi wageni wa furaha kwa kuwaonyesha sanda.

Nami pia najua kidogo ladha ya chakula kilichokuja na msiba. Mwaka 1984, Kenya ilipopigwa na ukame, serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Nilikuwa mvulana. Ugali ule tuliuona kama adhabu. Watu walisema una harufu, kwamba ni chakula cha wanyama. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba krispi nyingi zinazopigiwa makofi katika karamu za Texas zatokana na mahindi ya rangi iyo hiyo. Punje hazikubadilika. Kule zilikandwa, zikatandazwa, zikakatwa, zikaokwa, zikatiwa pilipili, na aliyefanya kazi hiyo akazileta mezani kwa mikono miwili. Kwetu zilimwagwa kutoka gunia hadi sufuria, kwa sababu tulikuwa na njaa na hasira.

Na samaki wa ziwa lile, wallahi, si wa kuonewa haya. Sangara wake na ngege wake, wakikaushwa, hupakiwa marobota wakapelekwa Kitale, Busia na hata Kongo, na huko watu hutoa fedha taslimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandishia samaki Kalokol, kusini mwa Lowarengak. Kilishindwa karibu mara tu kilipoanza. Gharama ya ubaridi ilizidi thamani ya samaki, na haikupita miaka mingi ghuba iliyotegemewa ikakauka. Kilichobaki kikifanya kazi mpaka leo ni kamba, chumvi, jua na wanawake. Basi hebu tazama biashara hii: mama auza samaki mwema kwa mchuuzi, fedha ile ainunulia biskuti iliyovunjika, na mgeni aliyekuja ziwani aondoka bila ya kuonja ziwa.

Nilimwambia hayo kwa adabu. Hakunijibu. Alinyanyuka akachagua samaki watatu wakubwa kutoka kwenye kamba, akawaweka mbele ya bintiye. Nikalichukua hilo kuwa ni idhini.

Likabaki suala la jiko la kuokea. "Oveni hatuna," binti alisema, na kweli hawana. Hata umeme ni wa kubahatisha. Hapo ndipo nilipoona fahari ya bibi zetu wa pwani. Mkate wa sinia na mkate wa mayai viliokwa Mombasa na Lamu kabla ya yeyote kuona oveni ya gesi, kwa moto wa juu na chini: makaa machache chini ya sufuria, mengi zaidi juu ya mfuniko. Na tulikuwa na mkate wa mofa, wa mtama au mahindi, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Nani leo Mombasa awapikia wageni mofa? Lakini Wasomali wa kusini wana mkate huohuo, wauita muufo, na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 katika kaunti hiihii ya Turkana, wamo watu walioutoa kwao vichwani mwao tu, bila ya kitu kingine mkononi. Kwa hivyo mkate wa mahindi wa kuoka hauhitaji kutoka Texas. Uko Kakuma, na ulikuwako kwetu.

Kwa msomaji atakaye kujaribu, nitaeleza tulivyofanya.

Tulichukua sufuria kubwa nene, tukamwaga mchanga safi wa ufuoni, kina cha vidole viwili, tukaweka vijiwe vitatu juu ya mchanga na sinia ndogo ya chuma juu ya vijiwe. Sufuria ikawekwa jikoni na kufunikwa, na mfuniko ukapaliwa makaa. Mchanga hushika joto na kulisambaza, chakula kisiungue upande mmoja. Jiko liwekwe nyuma ya ukuta au kizuizi cha makuti, kwa sababu upepo wa ziwa lile hauna urafiki na mpishi. Huyapuliza makaa yakaisha kabla ya kazi, na hutia mchanga ambao haukualikwa.

Unga wa mahindi vikombe vitatu, unga wa ngano kikombe kimoja, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya kulia. Siri yote iko katika maji. Ukitia maji baridi, mahindi hayashikani, yatapasuka mikononi. Tia maji yaliyochemka, kidogo kidogo, kama vikombe viwili hivi, ukoroge kwa mwiko, ukifunike kinyunga hicho robo saa kijinyonyee maji, kisha ndipo ukande kwa mkono. Gawa madonge, tandaza kila donge kati ya vipande viwili vya nailoni kwa kifimbo cha kusukumia chapati, liwe jembamba kama ngozi ya ngoma ndogo. Kata pembe tatu. Oka kwa dakika kumi na tano au zaidi kidogo, mpaka pembe zianze kupata rangi na kipande kikivunjwa kilie.

Vijana wa kiume waliokuwa wakichungulia walicheka kumwona mzee mwenye kofia ya kiua anakanda unga. Niliwauliza kama wamefika Lokitaung, mji wa milimani ulio karibu nao. Wamefika. Nikawauliza kama wajua kwamba Mzee Jomo Kenyatta alifungwa pale tangu 1953 hadi 1959, na kwamba kwa ajili ya umri wake, wenziwe walipopelekwa kufanya kazi ngumu, yeye alipewa kazi ya kuwapikia. Hawakujua. Mmoja wao akachukua kifimbo.

Samaki mkavu, ambaye sisi twamwita ng'onda, aliloweshwa maji ya vuguvugu kwa saa nzima, maji yakabadilishwa mara mbili kupunguza chumvi, akachemshwa, akachambuliwa miiba. Kazi ya miiba msiifanyie haraka. Mgeni aliyesakamwa hasifu karamu. Akakaangwa kidogo kwa vitunguu, tungule na pilipili mpaka akakauka rojo. Sehemu ya samaki huyo ilitiwa katika vidonge vya unga wa ngano vilivyosukumwa duara, vikakunjwa nusu na kubanwa kingo, vikapakwa mafuta, vikaokwa mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Mtu wa Texas angewaita kwa jina lake, mimi naona ni sambusa iliyokataa kuogelea katika mafuta. Sehemu nyingine ilipangwa juu ya vipande vya mahindi, pamoja na maharagwe yaliyochemshwa na kupondwa.

Badala ya jibini tulitumia akibuk, yaani maziwa yao ya mgando. Yalitundikwa katika kitambaa usiku kucha mpaka maji yakachuruzika yote, yakabaki mazito ya kupakika, yakatiwa chumvi. Nisiwadanganye: hayayeyuki kama jibini wala hayavutiki kama uzi. Hukaa juu, meupe na baridi, na ukali wake wapatana na samaki kuliko jibini yoyote niliyowahi kuila. Yatiwe mwisho, baada ya kuoka. Ama rojo la chupa, mahali pake palishikwa na ukwaju, ambao Waturkana huuita epeduru, uliolowekwa, ukachujwa na kuchanganywa na tungule, kitunguu kibichi na pilipili iliyopondwa.

Kuna jambo moja la Wameksiko ambalo hatukulifanya siku ile kwa kukosa wakati, nami nalitilia maanani kuliko hayo yote. Wao hawasagi mahindi makavu kama sisi. Huyachemsha punje kwa maji ya chokaa, chokaa ya namna ile wazee wetu waitiayo katika tambuu, wakayalaza usiku, wakayaosha hadi ganda likatoka, ndipo wakayasaga mabichi. Majivu safi ya kuni yaliyochujwa maji yake hufanya kazi hiyohiyo. Unga wake hushikana bila ya ngano hata chembe. Zaidi ya hayo, njia hiyo hufungua kirutubisho kilichofungika ndani ya punje, ambacho mtu anayeishi kwa mahindi matupu akikikosa hupatwa na pelagra, maradhi ya kubabuka ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Mahindi yalipotoka Meksiko yakasambaa duniani, watu walichukua mbegu wakaiacha chokaa. Katika mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu, wakati chakula cha msaada kilikuwa ni mahindi bila ya njugu za kutosha. Nashangaa kwamba magunia yamekuwa yakishushwa Turkana kwa miaka zaidi ya arobaini, na katika kila gunia hamna hata karatasi moja yenye maneno haya mawili: chokaa, majivu.

Najua nitakayoambiwa. Ataondoka mtu aseme, huyu Mswahili ataka kuwafundisha Waturkana kuiga Wamarekani. Lakini anayeiga ni nani: yule anayenunua krispi za kiwanda, au yule anayeuona ufundi wa watu wengine akauvika samaki wake na maziwa yake? Sisi wa pwani tuliipokea sambusa kutoka njia ya Uajemi na Bara Hindi, na leo hakuna atakayemwambia mtu wa Lamu kwamba sambusa si yake. Mwingine atasema, karamu ya Turkana ni mbuzi, na mengine ni mchezo. Hapo sibishani. Mbuzi alichinjwa siku ile, akachomwa kama desturi, na wazee wakagawana kwa taratibu zao ambazo si kazi yangu kuzisahihisha. Vitafunio havikuja kumwondoa mbuzi. Vilikuja kuchukua nafasi ya katoni, katika saa zile mbili za kungoja. Na kwa yule ambaye ukame umemwachia hana mbuzi wa kuchinja, lakini mtoto wake amehitimu na wageni wamekuja, naona sinia ya namna hii yaweza kumfichia mengi ambayo biskuti haziwezi.

Fedha zilizotumika zilikuwa za ngano, mafuta, vitunguu na tungule, ambazo huja kwa lori na huwa ghali zikifika. Mengine yote yalikuwamo. Binti alinionyesha hesabu. Haikufika robo ya ile karatasi ya kwanza. Mama yake alionja kipande kimoja, akatafuna kwa muda, akasema samaki amepungua chumvi. Hiyo ilikuwa kweli, kwa kuwa mimi ndiye niliyeng'ang'ania maji yabadilishwe mara mbili, nami bado naona ni bora hivyo kwa wageni wa bara. Akaongeza chumvi katika lile fungu lililobaki, kwa mkono wake, mbele ya wageni.

Neno la mwisho ni la pilipili. Wazee wengi wa kule hawakuzoea ukali, na si heshima kumchoma mzee mdomo kwa jambo asiloliomba. Rojo la ukwaju liwe katika bakuli mbili, moja isiyo na pilipili kabisa, nayo ndiyo itangulie kwa wazee pamoja na vipande laini vya samaki. Bakuli ya ukali iwekwe upande wa vijana. Watashindana wenyewe, na ni vizuri pawe na maji ya kutosha karibu.